Sitaki kuonekana kwenye foleni ya wagonjwa wa akili, na hela ya kwenda kila wiki sina

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 29, nashona kwenye karakana ya mtu na nalipwa kwa nguo. Siku nisipokwenda sipati kitu. Huu ni mwezi wa 4 usingizi unanikatika saa 9 usiku na haurudi. Chakula hakipiti, sketi zangu nimezipunguza kiunoni mara 2. Nashona na kufumua: juzi nimeweka mkono wa kulia upande wa kushoto kwenye magauni 2 mfululizo, kosa ambalo hata anayejifunza halifanyi. Machozi yananitoka bila sababu, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Kuna usiku natamani nilale nisiamke.

Kituo cha afya nimekwenda mara 2. Mara ya kwanza nilisema kichwa, nikapimwa, homa haikuonekana, nikapewa dawa za maumivu. Mara ya pili nilisema tumbo, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo na kupewa vidonge vya wiki 2. Tumbo limetulia kidogo, mengine yako palepale. Jirani akanipa vidonge alivyobakiza, amitriptilini ya miligramu 25. Nilimeza siku 6, mdomo ukakauka na asubuhi siamki, nikaacha. Vimebaki kama 20 kwenye mkoba.

Dada yangu ninayeishi kwake anasema ni mawazo tu, nisali na nijishughulishe. Nikitaja hospitali ananiambia nikionekana kliniki ya wagonjwa wa akili nitaitwa kichaa, hakuna atakayenioa wala kunipa kazi. Bosi naye hana siri. Nilimuulizia mtaalamu mmoja wa saikolojia, akasema ni kila wiki na kwa malipo. Siwezi.

Nianzie wapi bila kutangazwa? Kuna tiba ya mtu asiye na uwezo, au najidanganya? Na hizo dawa, nikizianza si ndiyo sitaziacha tena?

Mshonaji asiyelala

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na sentensi uliyoipitisha haraka, ile ya kutamani ulale usiamke. Kutamani yote yaishe ni jambo moja, kupanga namna ya kuyamaliza ni jingine, na wewe ndiye unayejua leo umesimama wapi. Kama umeshafikiria njia au siku, au umeanza kugawa vitu vyako na kuaga watu, habari ya foleni na gharama isubiri. Leo hii mwite mtu mzima mmoja akae nawe, usibaki peke yako, na mwende idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu, iwe mchana au usiku. Mapokezi sema bila kuzunguka: "Nina mawazo ya kujiua." Ukisema "sijisikii vizuri" utawekwa benchi moja na wenye mafua. Kama ni hamu tu ya kutoamka, bila mpango wowote, bado ni dalili na lazima mtabibu aisikie, ila hapo una siku chache za kujipanga.

Kwa vyovyote vile, vidonge 20 vitoke mkobani leo. Mpe dada yako avifungie mpaka siku ya kwenda kituoni. Amitriptilini ikimezwa kupita kiasi ni hatari kwa moyo, na mtu mwenye usiku kama wako hatakiwi kulala navyo kitanda kimoja.

Siwezi kukupima kwa barua, lakini ulichokiandika kinafanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, iliyochanganyika na wasiwasi. Kuamka alfajiri kabla ya wakati, kupungua mwili bila kutaka, kukosea kazi ambayo mikono inaijua na kulia bila sababu, yakidumu zaidi ya wiki 2, hayo mtabibu hayapuuzi akiyasikia yote kwa pamoja. Shida ni kwamba hakuyasikia kwa pamoja. Ulisema kichwa ukatibiwa kichwa, ukasema tumbo ukatibiwa tumbo. Mtabibu mwenye foleni ndefu hushika sentensi ya kwanza na kuifuata hadi mwisho. Kwa hiyo safari ya 3 sentensi ya kwanza uichague wewe, na uiandike.

Chukua nusu karatasi, usiku kabla ya kwenda, uandike hivi au karibu na hivi:

"Miezi 4. Naamka saa 9 usiku karibu kila siku, silali tena. Hamu ya kula imeisha, nguo zimelegea. Nilivyokuwa napenda havinifurahishi. Nakosea kazi ninayoijua. Nalia bila sababu. Moyo unaenda mbio mara 3 au 4 kwa wiki. Natamani nisiamke, sijapanga kujidhuru. Nimetumia dawa za tumbo wiki 2. Nimemeza amitriptilini ya 25 siku 6 bila kuandikiwa. Naomba nipimwe sonona."

Usiongeze historia ya familia wala ugomvi wa nyumbani, hayo yatakuja ukiulizwa. Sauti ikikukwama koo, mpe aisome mwenyewe. Mstari wa mwisho ndio unaobadilisha mazungumzo, maana mtabibu aliyeombwa jambo moja bayana hulazimika kulijibu, hata kama jibu ni hapana.

Kupima kwenyewe si kwa mashine. Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, lilichapishwa mwaka 2001, halilipiwi na tafsiri ya Kiswahili ipo. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, kula, kujilaumu, umakini, kasi ya mwili, na la 9 ni la kutamani kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 unastahili kuchunguzwa kwa makini, 20 na kuendelea ni kali. Swali la 9 usilijibu kwa aibu. Jibu lolote zaidi ya 0 ni la kuzungumzwa siku hiyohiyo hata kama jumla ni ndogo. Kisha iandike alama yako nyuma ya kadi pamoja na tarehe. Hiyo ni kama kipimo cha kiuno kabla ya kukata kitambaa, bila hiyo baada ya wiki 6 hutajua kama nguo imekaa au la. Alama ikishuka hadi nusu, dawa inafanya kazi. Ikishuka chini ya 5, ndiyo tunasema umepona.

Damu yako haiwezi kuonyesha sonona, wala picha ya kichwa. Vipimo vinavyofaa ni vya magonjwa yanayojifanya sonona: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, virusi vya UKIMWI, na ujauzito kabla ya kuchagua dawa. Kama vyote haviwezekani kwa mara moja, mwambie mtabibu achague kinachoelekea zaidi kwa dalili zako. Picha ya kichwa ni ya mtu mwenye kifafa kipya, aliyeumia kichwa, aliyelegea upande mmoja au aliyechanganyikiwa ghafla. Hukutaja hata moja. Akikuandikia, uliza anatafuta nini, kwa sababu hela ya picha moja inaweza kulingana na dawa za miezi kadhaa.

Sasa mahali pa kuanzia. Ni palepale ulipokwenda, dirisha la wagonjwa wa kawaida, kwa kadi ileile. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango uitwao mhGAP, ambao kazi yake ni kuwawezesha matabibu na wauguzi wa kawaida kutibu sonona, kifafa na magonjwa mengine ya akili bila kumsubiri bingwa. Bingwa anahitajika ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mawazo ya kujiua yakiwa makali, ukiwa mjamzito na hali ni mbaya, dawa 2 tofauti zikishindwa, au kama umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ulilala saa 2 au 3 tu na bado una nguvu za ajabu, maneno hayakatiki, matumizi ya hela hayana breki. Hilo la mwisho lisemwe hata usipoulizwa. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo inaweza kumrusha tena kwenye kipindi cha nguvu hizo za ajabu.

Mapokezi ukiulizwa mbele ya watu unaumwa nini, "usingizi na kichwa" inatosha, na hujadanganya. Mengine ni ya ndani ya chumba. Mlango ukiwa wazi, omba ufungwe. Muulize mtabibu mapema: "Haya yanaandikwa wapi, na nani anayasoma?" Siri yako inamfunga, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Ukihitaji cheti cha kazini, omba kiandikwe kwamba uko kwenye matibabu, tarehe na sahihi, basi. Bosi hahitaji kusoma jina la ugonjwa kwenye karatasi ya ruhusa.

Nije kwenye hela, na hapa nitakaa kidogo. Kuanza matibabu si kugumu sana. Wengi wenye kipato kama chako hukwamia mwezi wa 3, kwa sababu walipiga hesabu ya siku ya kwanza tu. Piga hesabu ya safari nzima kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa za sonona huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi sawasawa, na ukishapona unaendelea nazo kwa miezi 6 hadi 12 ili ugonjwa usirudi. Tuseme jumla ni miezi 11. Kidonge 1 kwa siku ni vidonge kama 330. Ukirudi kila mwezi ni safari 12 ukihesabu na ya kwanza, na kila safari ina nauli na nusu siku isiyo na nguo. Kwa anayelipwa kwa kipande, nusu siku hiyo inaweza kuzidi bei ya dawa yenyewe. Ndiyo maana nasema punguza safari kwanza, bei ya dawa baadaye.

Mwambie mtabibu hivyo hivyo: "Nalipwa kwa kazi niliyofanya. Tupange tarehe chache ninazoweza kuzitimiza." Ratiba inayowezekana ni siku ya kuanza, wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 3, halafu kila baada ya miezi 2: wa 5, wa 7, wa 9 na wa 11. Zimekuwa 8. Ya wiki ya 2 usiiruke hata kama hujisikii tofauti, maana ndipo madhara ya mwanzo na mawazo ya kujidhuru yanapoangaliwa. Hiyo pia ndiyo sababu mwanzoni hutapewa vidonge vingi kwa mkupuo, usidhani unanyimwa. Baada ya mwezi wa 3 omba upewe vya miezi 2. Baadhi ya vituo hukubali muuguzi akupigie simu badala ya wewe kwenda. Uliza, hupotezi kitu.

Kabla kalamu haijagusa karatasi ya dawa, uliza maswali 3. Dawa hii ipo hapa dirishani leo? Mwezi uliopita ilikuwepo? Ikikosekana, naitafuta kwa jina gani nje? Hilo la jina lina hela ndani yake. Kila dawa ina jina lake lenyewe na jina la kibiashara la kampuni, na yenye jina la kibiashara mara nyingi ni ghali zaidi ilhali kiini ni kilekile na miligramu zilezile. Omba iandikwe jina la dawa. Mimi ningechagua dawa nzuri inayopatikana kila mwezi kuliko iliyo bora inayopatikana mara moja kwa miezi 4. Hospitali kubwa nyingi zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kupunguza au kufuta gharama. Nenda pale kabla hujaandikiwa bili, ukiwa na kitambulisho. Kusamehewa deni lililoshaingia vitabuni ni kugumu zaidi. Kama una bima yoyote, uliza wazi kama inagusa afya ya akili na dawa za muda mrefu.

Kuhusu vidonge vya jirani. Ulichokipata siku zile 6 kilikuwa madhara tupu, kwa sababu madhara ya amitriptilini hutangulia na faida hufuata nyuma kwa wiki kadhaa. Miligramu 25 ni dozi ya kuanzia, humezwa usiku, na kwa sonona mtabibu huipandisha polepole hadi mara kadhaa ya hiyo. Mdomo mkavu, choo kigumu na uzito wa asubuhi ni vya kawaida kwake. Kwa hiyo usiseme "dawa zilinishinda". Hukutibiwa, ulionja.

Dawa nyingine inayotumika sana kuanzia ni fluoksetini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Fluoksetini dozi ya kawaida ni miligramu 20 mara moja kwa siku, asubuhi baada ya kula, kwa sababu ikimezwa jioni inaweza kukufukuzia usingizi uliobaki. Mwenye wasiwasi mwingi kama wewe anaweza kuanzishiwa 10 kwa wiki ya kwanza. Tarajia kichefuchefu, kichwa kuuma na mwili kuwa kama una haraka. Mengi hupungua ndani ya wiki 2. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka na hiyo huwa haiondoki upesi. Watu wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo badala ya kusema, na dozi au dawa ingeweza kubadilishwa. Mwambie mtabibu kuhusu tumbo lako, maana fluoksetini pamoja na dawa za maumivu kama asprini, diklofenaki au ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, usiichanganye nayo bila kumwambia aliyekuandikia. Pombe iache.

Uliuliza kama hutaziacha. Hazikufanyi uzitamani wala uhitaji dozi kubwa kila mwezi. Lakini haziachwi kwa siku moja: mwili uliozizoea hulalamika kwa kizunguzungu, hasira, ndoto mbaya na mishtuko kama ya umeme kichwani, na mtu akiona hivyo hudhani amekuwa mtumwa wa dawa. Zinapunguzwa kwa wiki kadhaa, kwa ratiba ya mtabibu. Zinazoteka watu ni vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu. Vinalaza usiku huohuo, ndiyo utamu wake, na baada ya wiki chache usingizi bila kidonge unakataa. Ukipewa, uliza ni vya siku ngapi. Zaidi ya wiki 2 hadi 4, hoji.

Ukisahau fluoksetini siku moja, endelea kesho kwa kidonge kimoja, usimeze 2. Ikikosekana dukani siku 2 au 3 usibabaike, hukaa mwilini kwa muda mrefu. Amitriptilini haina subira hiyo, kwa hiyo nunua mpya pakiti ikiwa imebaki ya siku 7. Rudi kituoni bila kungoja tarehe ukipata upele, degedege, mhangaiko wa kushindwa kukaa, nguvu za ajabu bila usingizi, au mawazo ya kufa yakizidi. Hilo la mwisho huangaliwa zaidi wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, ila wewe mwenye 29 usijitoe kwenye hesabu.

Mazungumzo ya tiba hayahitaji lazima mtaalamu wa kulipwa kila wiki. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya Friendship Bench, ambayo wanawake wazee waliofundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kushughulikia tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopita kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lina mwongozo uitwao PM+, vikao 5 tu, kimoja kwa wiki, dakika 90, na anayeuendesha si lazima awe na shahada ya saikolojia, ila awe amefundishwa na anasimamiwa. Kwa hiyo ulizia kituoni, hospitali ya chuo kikuu, au vikundi vya unasihi. Kabla ya kukaa na mtu yeyote, hata wa nyumba ya ibada, muulize: umefundishwa wapi, vikao ni vingapi, nani anakusimamia, na hali ikikushinda unanipeleka wapi? Anayeanza kwa kukuambia uache dawa, ufunge kula wakati mwili umeshakonda, au ufungiwe ndani, ondoka.

Wakati unasubiri, kuna jambo moja unaloweza kuanza kesho na lina msingi mzuri kuliko "jishughulishe" ya dada. Sonona hukwambia ufanye utakapojisikia. Geuza: fanya kwa saa, si kwa hamu. Chagua kazi ndogo isiyozidi dakika 15, ipangie saa, mfano saa 12 jioni kutembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Andika hali yako kwa namba 0 hadi 10 kabla na baada. Siku 3 za kwanza usitarajie kitu. Ikikushinda, kazi ilikuwa kubwa, ikate nusu. Usingizi ukikatika saa 9, usibaki kitandani zaidi ya dakika 20 hivi ukihesabu madeni. Toka, kaa kwenye mwanga hafifu bila simu, urudi ukisinzia. Na saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata baada ya usiku mbaya.

Dada yako. Usibishane naye kama ni ugonjwa au mawazo, mtamaliza usiku. Usimwombe aamini, mwombe kitu kimoja cha mikono: "Dada, nimepungua na silali miezi 4. Jumatano naenda kupimwa. Nisindikize, au nishikie funguo za nyumbani." Wengi wanaokataa neno "akili" hukubali neno "kupimwa". Sala hazigongani na kidonge cha asubuhi, mwambie utafanya vyote viwili. Kuhusu kuolewa na kazi, hofu yake si ya kubuni, watu husema. Ila kinachoonekana sasa hivi karakanani ni magauni yenye mikono iliyogeuzwa, na hilo bosi analiona bila kusoma kadi yoyote. Kwake sema: "Niko kwenye matibabu, Jumatano nitaingia saa 6." Akiuliza ya nini, "usingizi". Ukikutana na mtu unayemfahamu kituoni, mtangulie: "Na wewe umekuja? Pole." Naye hakuja kutalii.

Ukikutana na mtabibu wa "punguza mawazo", usilie wala usiondoke kwanza. Mwambie: "Naomba uandike kwenye kadi kwamba nimeeleza dalili hizi na kwamba sijapimwa sonona." Kalamu ikishikwa, mara nyingi na mazungumzo hurudi nyuma. Akikataa, omba mtabibu mwingine au rufaa, siku hiyo au siku nyingine.

Jitayarishe pia kwa vipindi 2 vya kuacha. Cha kwanza ni wiki ya 3, ukiwa na madhara na huoni faida. Cha pili ni karibu na wiki ya 10, usingizi umerudi, sketi zimeanza kubana, na hela ya dawa inaitwa na mambo mengine. Cha pili ndicho kibaya zaidi kwa sababu kinafanana na kupona. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda leo, na dada yako azione.

Siku ya kwenda beba ile nusu karatasi, kadi ya zamani yenye maandishi ya mara zile 2, na vidonge vya jirani kutoka kwa dada yako, uvikabidhi dirishani. Kunywa chai kabla ya kutoka. Foleni ni ndefu na tumbo lako bado halijapona vizuri.